Zimebaki 4 Tu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Kazi ya mteja mmoja ilinimeza mzima mzima, mtanisamehe. Leo nataka kuongea kuhusu nyumba, tena zile za bei ya kutisha. Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya kompyuta, lakini subirini kidogo, kompyuta itafika.

Kuna aibu moja nimekaa nayo tangu 2018. Mwaka huo kampuni moja ya kujenga nyumba (sitaitaja) ilinipa kazi ya kutengeneza tovuti ya mradi wake upande wa Westlands, jengo refu lenye apatimenti 64 za kifahari. Mnazijua zile: bwawa la kuogelea juu ya paa, chumba cha mazoezi, jenereta, lifti mbili, marumaru mpaka kwenye ngazi. Ya vyumba vitatu vya kulala ilikuwa milioni 22. Nilipewa picha zilizochorwa kwa kompyuta, anga la buluu kama la Diani, na mtu na mbwa wake wakitembea kwenye nyasi nzuri sana. Nilipokwenda kuona, mahali pa zile nyasi palikuwa na mashine ya kuchanganya zege.

Mauzo yalikuwa yamelala. Meneja wa mauzo akaniita, akaniambia niweke kwenye ukurasa wa kwanza maandishi mekundu: "Zimebaki 5 tu!" Nikamuuliza hiyo idadi niisome kutoka wapi, kwenye hifadhidata ya mauzo? Akacheka. "Wewe weka namba."

Basi nikaweka namba. Ilikuwa mistari michache tu ya msimbo. Chagua namba yoyote kati ya 3 na 7, iandike kwenye kuki ya mgeni, yaani kile kifaili kidogo ambacho tovuti huacha kwenye kompyuta yako, na akirudi siku nyingine punguza moja, lakini isishuke chini ya 3. Kuki ilikuwa ya lazima, kwa sababu bila hiyo mgeni angefungua ukurasa asubuhi aone 4, jioni aone 7, akashtuka. Niliona fahari kuifikiria hiyo kuki, wallahi. Nikaongeza na "Watu 14 wanatazama nyumba hii sasa hivi", nayo ya kubahatisha vilevile. Nikalipwa, nikasahau.

Miezi miwili baadaye shangazi yangu akanipigia simu kwa WhatsApp. Shangazi ni muuguzi, ameishi Marekani zaidi ya miaka 20, zamu za usiku miaka nenda miaka rudi, na wakati huo alikuwa anauza nyumba yake ya kule ili arudi kustaafu nyumbani. Alikuwa anaongea kwa haraka.

"Mwanangu, wewe mambo ya mitandao unayajua. Kuna nyumba nimeipenda Westlands. Juzi zilikuwa tano, leo nne. Wakili wangu hapatikani mpaka Jumatatu. Nitume ile asilimia kumi leo, ama nitakosa?"

Nilimuuliza jina la mradi, ingawa nilikuwa nimeshalijua.

Bado nilikuwa na nywila ya hifadhidata yao. Nikaingia. Kati ya apatimenti 64, zilizokuwa zimeuzwa ni 11. Nikamwambia. Nikamwambia pia ile kaunta niliiandika mimi. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, wala hakuwa amekasirika: "Na wale ambao hawana wa kumpigia simu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia meneja barua pepe nikamwambia kaunta ama isome idadi ya kweli au niiondoe. Hakunijibu, akampa mtu mwingine kazi ya kuitunza tovuti, na kaunta ikabaki.

Sasa tuseme kuhusu soko lenyewe, maana uongo wa aina hii huzaliwa soko likipoa. Ile miaka ya mwanzo ya 2010 nyumba za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa zinauzwa kabla msingi haujakauka. Bangalo za zamani zenye nusu ekari zilibomolewa moja baada ya nyingine, magorofa yakapanda. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ikaanza kutumika, mabenki yakaona heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mwananchi. 2017 tukapiga kura mara mbili, Agosti na Oktoba, na mwenye pesa akasubiri aone mambo yataishia wapi. Ripoti za Knight Frank za 2018 na 2019 zilionyesha bei za nyumba za kifahari Nairobi zikishuka. Ile sheria ya riba ikaondolewa Novemba 2019, watu wakapumua, na Machi 2020 korona ikaingia. Kuna miaka ya nafuu tangu hapo, lakini ukipita Kilimani usiku mwenyewe utajionea.

Wengi hudhani tatizo ni riba peke yake. Ni kweli Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake mpaka asilimia 13, na ikaanza kukishusha Agosti mwaka huohuo. Lakini kwa nyumba za kifahari riba haina nguvu tunayoipa. Kufikia mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba karibu 30,000 tu, katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Hizi nyumba hununuliwa kwa pesa taslimu au kwa kumlipa mjenzi pole pole. Wanunuzi ni wafanyabiashara, Wakenya wa ng'ambo kama shangazi, na wawekezaji wanaowalenga wapangaji wa ubalozi na wa mashirika ya kule Gigiri. Shirika moja kubwa likifunga, kama USAID ilivyofungwa Julai 2025, kuna mwenye apatimenti anayeanza kupiga mahesabu usiku. Kwa hiyo wanunuzi ni wachache, wako mbali, na wengi wao wanaiona nyumba kwa mara ya kwanza kupitia kioo cha simu. Hapo ndipo mtu kama mimi anapoingia.

Kitu kilichonishangaza katika ile kazi ni kwamba soko lilikuwa limekufa na bei ya kwenye tovuti haikuguswa hata mara moja. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nikaelewa. Mjenzi akiandika milioni 19 mahali palipokuwa na 22, wale 11 walionunua kwa 22 watakuja ofisini kwake asubuhi. Benki iliyomkopesha pesa za ujenzi nayo itauliza ule ukadiriaji wa thamani uliofanywa ulikuwa wa nini. Basi bei inabaki 22 na punguzo linafichwa kwenye zawadi: tutakulipia ushuru wa stempu, tutakuwekea friji na jiko, utalipa kwa miezi 36 bila riba.

Wewe unayenunua, zigeuze hizo zawadi ziwe namba. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Kwa nyumba ya milioni 22 hiyo ni 880,000. Ile ya miezi 36 ndiyo kubwa zaidi na wengi hawaioni. Tuseme unalipa asilimia 20 sasa, milioni 4.4, na milioni 17.6 zinazobaki unazigawa kwa miezi 36, kama 489,000 kila mwezi. Kama pesa yako ingekuletea asilimia 1 kwa mwezi mahali pengine, hayo malipo 36 yana thamani ya karibu milioni 14.7 leo. Yaani mjenzi amekupunguzia karibu milioni 2.9 na hajaibadilisha bei hata kwa senti moja. Sasa unaweza kwenda kwake ukamwambia: mimi nina pesa taslimu, nipe bei ya taslimu. Shangazi hakujua hilo, na mimi sikujua mpaka nilipolichora kwenye lahajedwali kwa ajili yake.

Ila kama nyumba haijakamilika, huo mpango wa miezi 36 una upande mwingine. Wewe ndiye benki. Unamkopesha mjenzi pesa za kumalizia jengo, bila riba na bila dhamana, na soko likiwa baridi hao wengine 53 mliotakiwa kumkopesha pamoja hawapo. Jengo linasimama ghorofa ya tisa. Nairobi kuna mifupa ya majengo ambayo sihitaji kuitaja, mnaipita kila siku mkiwa kwenye matatu.

Turudi kwenye kompyuta. Baada ya yale mambo ya shangazi niliandika, kwa hasira zangu za usiku, programu ndogo ya Python ya kukusanya matangazo ya nyumba za kuuza kila Jumapili na kuhifadhi tarehe, bei na picha. Siku za kwanza haikuwa na maana. Baada ya mwaka mmoja ilianza kunichekesha. Niliipa kazi ya kulinganisha picha, ikakuta nyumba moja ya Runda imetangazwa na maajenti wanne kwa bei nne. Kati ya ya chini na ya juu kulikuwa na tofauti ya milioni 15. Picha zilikuwa zilezile, mpaka baiskeli ya mtoto iliyoangushwa kwenye nyasi. Tangazo moja lilikuwa limefutwa na kuwekwa upya mara kadhaa, kila mara likija na alama ya "Mpya". Hiyo nyumba ilikuwa mpya sokoni kwa miezi 19.

Ukiniuliza mimi, ile alama ya "Mpya" ni ndugu wa kaunta yangu. Zote mbili zinamficha mnunuzi kitu kimoja, yaani muda. Katika soko lililopoa muda ndio habari kubwa kuliko zote. Nyumba iliyokaa miezi 19 ina mwenyewe ambaye ameshachoka, na nyumba iliyotoka wiki jana ina mwenyewe ambaye bado anaota. Bei ya kwenye tangazo inaweza kuwa sawa, lakini mazungumzo yake si sawa hata kidogo. Huko Marekani tovuti kama Zillow huonyesha nyumba imekaa siku ngapi, na ukifungua unaona na historia ya bei. Sisemi data inatatua kila kitu. Haohao Zillow walijaribu kununua nyumba wenyewe kwa kutegemea makadirio ya kompyuta, na Novemba 2021 wakatangaza kuifunga hiyo biashara na kuachisha kazi robo ya wafanyakazi wao. Kama wenye data nyingi vile wanaweza kuumia, sisi tusio nayo kabisa tunanunua tukiwa tumefumba macho.

Tena si kwamba haipo. Kila nyumba ikiuzwa hapa kwetu mthamini wa serikali huikadiria ndipo ushuru wa stempu ulipwe. Tangu Aprili 2021 Nairobi tuna Ardhisasa, mfumo wa kufanya haya mambo ya ardhi kwa mtandao. Uingereza, kwa upande wa England na Wales, ofisi yao ya ardhi huchapisha bei za mauzo ya nyumba tangu 1995, bure, unapakua faili lote ukitaka. Jina la mwenye nyumba halimo. Tungeweza kufanya hivyo hapa. Najua mtaniambia watu hudanganya bei ili walipe ushuru mdogo, na muuzaji naye hudanganya kwa sababu tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali imetoka asilimia 5 hadi 15. Sawa, lakini mthamini yupo kwa sababu hiyohiyo, na namba yenye kasoro iliyo hadharani inapingika. Iliyofichwa huwezi hata kuipinga.

Wenye kuuza watasema nawaharibia biashara. Acha niwape kisa cha pili, cha furaha kidogo. Mwaka 2021 mzee mmoja aliyestaafu aliniomba nimtengenezee ukurasa wa kuuza nyumba yake ya Karen. Maajenti walikuwa wameizungusha mwaka mzima. Nikamwambia nitaifanya kwa sharti moja, tuandike kila kitu. Mzee akacheka akasema yeye hana cha kuogopa, ana cha kuchoka tu. Tukapiga picha za kweli, nyingine siku ya mvua. Tukaweka ramani ya nyumba yenye vipimo vya kila chumba. Tukaandika paa lilitengenezwa lini, kisima kina kina gani na maji yake yalipimwa kukutwa na floraidi kiasi gani, barabara ya mwisho ni ya vumbi na Aprili ni ya matope, bili ya umeme ya mwezi, na tarehe aliyoanza kuiuza. Hiyo tarehe mwanawe aliipinga sana. Mzee akasema iandikwe.

Simu zilipungua. Lakini waliopiga walikuwa wamesoma. Hakuna aliyekuja kushangaa floraidi sebuleni. Baada ya miezi minne ikauzwa, chini ya bei aliyoitaka, na alikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea na mtu mwenye pesa na siyo mtalii. Nyumba moja si ushahidi wa kisayansi, najua, msiniandikie. Ila angalia tofauti: kaunta yangu ilileta simu nyingi, na kila aliyefika Westlands akaona vumbi na madirisha meusi alijua ameshadanganywa mara moja. Baada ya hapo hata bei ya haki anaiona ni mtego. Nadhani ndiyo maana zile 53 zilikaa.

Kwa mnunuzi, haya ndiyo niliyomwambia shangazi, na nimeongeza machache tangu wakati huo. Nenda saa mbili usiku, siku ya kazi, usimame ng'ambo ya barabara uhesabu madirisha yenye taa. Hiyo ndiyo kaunta ya kweli. Kama uko ng'ambo, tuma mtu asiyelipwa na muuzaji akupigie video, isiyokatwa, kutoka getini mpaka kwenye bomba la jikoni, na alifungue hilo bomba.

Halafu ulize ada ya huduma ya kila mwezi, na hapa tafadhali kaa kidogo. Kila mtu huuliza ni shilingi ngapi. Swali ni nani anayeilipia nyumba ambazo hazijauzwa. Lifti, walinzi, dizeli ya jenereta, dawa ya bwawa, vyote vilipigiwa hesabu ya nyumba 64. Kama kila moja inatoa 20,000, hiyo ni milioni 1.28 kwa mwezi. Wakiwa 11 ni 220,000. Mjenzi asipolipia zile 53 zake, mwezi wa tatu lifti moja inazimwa "kwa ukarabati", bwawa linageuka kijani, na nyinyi 11 mnaanza kutumiana matusi kwenye grupu ya WhatsApp. Mwambie akuonyeshe hesabu za miezi 12 iliyopita. Akisita, jibu umeshalipata.

Hati nayo. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 kila apatimenti inaweza kuwa na hati yake. Muulize wakili wako, siyo wa kwao, kama hati kubwa ya ile ardhi imewekwa rehani benki, na kama benki imekubali kwa maandishi kuiachilia sehemu yako ukimaliza kulipa. Soko likiwa zuri hilo ni jambo la karatasi tu. Soko likipoa mjenzi anaweza kushindwa kulipa deni lake wakati wewe umeshalipa lako lote. Na ile asilimia 10 isiende kwenye akaunti ya kampuni. Ikae kwa wakili, kwa makubaliano yaliyoandikwa ya lini inaachiliwa na lini inarudi. Anayekuambia hana muda wa kumsubiri wakili wako mpaka Jumatatu, nyumba hana shida nayo, pesa ndiyo anayo shida nayo.

Shangazi hakutuma zile pesa. Alirudi 2021 akanunua apatimenti ya Kileleshwa iliyokwisha kukaliwa, kutoka kwa mwenyewe, baada ya kuihesabia taa mara tatu. Alimtoa mwenye nyumba jasho kwenye bei. Sasa ananipigia kulalamikia lifti, kana kwamba nayo niliiandika mimi.

Ile tovuti ya Westlands niliichungulia jana kabla ya kuandika haya. Jengo liliisha, picha za mtu na mbwa wake bado zipo. Nilitumia kivinjari kisicho na kuki yoyote. Zimebaki 4.

Wiki ijayo nikipata nafasi nitaandika jinsi ile programu inavyolinganisha picha, maana wawili watatu mmeshaniuliza, na nikishaisafisha msimbo wake nitauweka hapa muuchukue.